Keni ya Mama Mkubwa

Jibini ikiharibika hutoa sauti. Sikulijua hilo mpaka kipupwe kile nilipokuwa mpimaji wa maziwa katika kiwanda kidogo hapa Njombe, upande wa Mjimwema. Niliingia chumba cha kukomazia jibini asubuhi, nikasikia fyuu nyuma yangu, kama pumzi ndefu ya mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu, ila rafu za mbao na jibini zimekaa kimya juu yake. Nikaangalia vizuri. Mojawapo ilikuwa imevimba mgongo na kupasuka ubavuni, na wakati naitazama ikapumua tena.

Mimi si mwoga. Mama yangu alitulea kwa kanuni kwamba kila kelele ya darini ni panya, hadi panya mwenyewe akanushe. Lakini siku ile nilitoka chumbani kinyumenyume, mkono ukipapasa kitasa, na nilipofika nje nikamkaripia mfagiaji bila sababu. Ndivyo nilivyo. Nikiogopa, nagomba.

Kazi yangu ilikuwa mlangoni. Wafugaji walileta maziwa asubuhi, na kila aliyefika nilichota kidogo, nikayachanganya na spiriti ndani ya kichupa, nikakiinamisha kwenye mwanga. Maziwa mazima huteleza kwenye kioo bila kuacha alama. Maziwa yaliyoanza kuchacha huacha chengachenga, na hayo hayaingii ndani hata kama ni ya askofu. Yaliyopita yalichemshwa, mengine yakawa mtindi wa paketi, mengine akayachukua fundi wa jibini. Fundi huyo alikuwa mzee wa Kikatoliki, mzaliwa wa karibu na misheni, na kazi aliifundishwa huko huko akiwa kijana. Kabla ya kutia dawa ya kugandisha alifanya ishara ya msalaba juu ya pipa. Sisi Walutheri tulimtania kwamba jibini yake imebatizwa. Naye alitujibu kwamba yetu ingechacha kabla kwaya haijamaliza wimbo.

Watu hudhani kiwanda cha maziwa kinaishi kwa maziwa. Kinaishi kwa maji. Unaosha keni za kubebea maziwa, unaosha mabomba, unaosha vitambaa vya kuchujia, sakafu na mikono, halafu unaanza upya. Na maji ya bomba mwaka ule yalikuja siku yalipotaka yenyewe. Meneja wetu, kijana kutoka Kanda ya Ziwa aliyevaa sweta mbili na bado akatetemeka, alitoa amri kwamba hakuna maji yatakayotumika mara moja tu yakaachwa yaende. Maji ya kupoozea, ambayo hupita nyuma ya bati za mtambo bila kugusa maziwa, yalikuwa yakimwagika mtaroni yakiwa safi na yenye uvuguvugu. Akaweka tangi kubwa nyuma ya jengo yakusanyike humo, tuyatumie kuoshea. Maji machafu yenye maziwa akayaelekeza kwenye mashimo yaliyopandwa mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, na mtaro ukaacha kunuka. Nilimsifu wakati ule na namsifu hadi leo, mpango ulikuwa mzuri.

Ila hakuwa mtu wa Njombe. Hakujua maji ya moto ni nini kwetu. Hapa maji ya moto hupewa mgeni, mzazi na mfiwa. Mtoto anayeyamwaga ovyo huchapwa. Asubuhi za kipupwe, nyasi zimepauka kwa baridi, ukichovya mkono kwenye maji ya bomba unauma hadi begani. Kwa hiyo tangi lile halikumaliza wiki likiwa uchi. Mmoja alilivisha magunia yaliyochakaa ya majani ya chai, aliyoyapata kwa dereva wa lori la Lupembe. Fundi akaleta blanketi la kijivu kutoka kwake, akalifunga kwa kamba ya katani, akatia na kifundo kizuri. Likabaki na joto lake toka asubuhi moja hadi nyingine. Saa ya chai tuliliegemea mgongo. Tulifika hatua ya kuliamkia. "Shikamoo mzee," mtu anasema akiligusa ubavu, na aliye karibu anajibu kwa niaba yake, "Marahaba, mmeamkaje?" Tulicheka sana.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa mmoja wa waliotuletea maziwa. Alikuwa mjane, anakaa ng'ambo ya bonde na binti yake, na maisha yao yalisimama juu ya ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. Chemchemi iliyokuwa chini ya nyumba yake ilikauka tangu mteremko wote ulipopandwa milingoti, mikaratusi ile inayokunywa kuliko ng'ombe. Ndoo moja ya maji aliifuata mbali, na akiileta lazima achague: apike, afue, au amnyweshe ng'ombe. Meneja alipolisikia hilo akamhurumia. Akasema keni yake iwe inaoshwa kiwandani kila asubuhi baada ya kumimina, afungiwe kifuniko, aende nayo nyumbani ikiwa tayari. Wengine waliosha zao kwao. Mama mkubwa alimshukuru kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na meneja akaona aibu kwa sababu angeweza kuwa mwanawe.

Siku ya kwanza chenga zilipobaki kwenye kioo nilidhani kichupa changu kina uchafu. Nikarudia. Zikabaki.

"Kamwene, mama mkubwa," nilimsalimu kwanza, maana sikujua nianzie wapi. "Yamekataa."

"Yamekataaje, mwanangu? Nimekamua mwenyewe."

"Sijui. Labda baridi imemsumbua ng'ombe."

Akayamwaga chini ya mti wa mpichi nje ya geti. Kesho yake yakapita. Keshokutwa yake yakakataa, na tangu hapo yakawa yanakataa tu. Nilipima ya waliomtangulia, mazima. Nilipima ya waliomfuata, mazima. Yake yalikuja na ubaridi uleule, weupe uleule, na kwenye kichupa yakavunjika mbele ya macho ya watu wote. Foleni ilianza kumwachia nafasi. Hakuna aliyesema neno baya, ila alipoweka keni chini, mwenye ndoo jirani aliisogeza yake. Halafu maneno yakapatikana. Kwamba tangu amzike mumewe mkono wake haujatulia. Kwamba ng'ombe hana kosa, kosa liko kwenye mkono. Niliwasikia, nikawauliza kama wamekuja kuleta maziwa au kuhubiri. Wakageukia ndoo zao, lakini kama watu wenye hakika.

Jibini ikaanza kuvimba majuma hayohayo. Fundi aliikata moja mbele yetu, na ndani ilikuwa na matundu mengi madogo, ikatoa harufu ya nguo za mgonjwa. Akasema ni maziwa ya mama yule, labda yalipita kidogo kabla hayajajulikana. Meneja akamwita mama mkubwa, akamwambia kwa upole apumzike kwanza, keni yake aiache, wataangalia. Aliondoka mikono mitupu, akiwa ameifunika kwa kitenge. Nilimtazama akiteremka bondeni hadi ukungu ukammeza kuanzia miguuni.

Basi tungetarajia jibini itulie. Haikutulia. Maziwa ya mama mkubwa hayakuwepo tena ndani ya jengo lile, na bado kila tulipofungua chumba tulikuta nyingine imevimba. Zilipumua kwa zamu. Ukisimama mlangoni ulisikia moja huku, baadaye kidogo moja kule, kama zinajibizana. Mfagiaji aligoma kuingia. Fundi akawa anaingia na rozari.

"Ametuachia lake," aliniambia, na mzee yule hakuwa mtu wa maneno ya ovyo.

"Lake lipi?"

"Mimi sijui, binti yangu. Wewe ndiye ndugu yake."

Nilikasirika, nikaiacha chai yangu palepale. Na chini ya hasira, nisidanganye, niliogopa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika kichupa, na kichupa kilisema wanachosema wao.

Juma hilo nilitumwa Makambako kupeleka mtindi. Mwenye duka mmoja wa Lyamkena, mteja wetu wa siku nyingi, alinipokea bila salamu. Upepo wa Makambako ulikuwa unagonga mabati, vumbi limejaa barabarani, naye alikuwa amezipanga paketi zetu za mzigo uliopita juu ya kaunta. Zote zimevimba. Zilikuwa zimenyooka na kukaza mashavu, na nilipozitazama moja ikapasuka yenyewe, pa, mtindi ukaruka hadi kwenye kalenda ukutani.

"Dada," alisema akijifuta, "haya maziwa yenu yana roho?"

"Yana gesi."

"Gesi imeingiaje kwenye maziwa? Mimi sitaki. Ondoka na vyako."

Nilirudi navyo Njombe ndani ya boksi miguuni kwangu, na njia nzima nilivisikia vikigugumia. Huko njiani ndipo nilipokata shauri. Nilipitia kiwandani, nikaichukua keni ya mama mkubwa iliyokuwa imetelekezwa. Nikaiosha kwa sabuni, nikaisuuza kwa maji ya tangi kama tulivyokuwa tukiiosha siku zote, nikafunga kifuniko. Nikatia spiriti na vichupa kwenye mkoba, nikateremka bondeni kwenda kumwangalia akikamua. Nilitaka kumtetea kwa kipimo kilekile kilichomshtaki.

Nilimkuta ameketi kizingitini, mikono ndani ya kitenge. Binti yake alikuwa jikoni na mtoto mchanga mgongoni. Akanivuta pembeni.

"Dada, mama hamshiki mtoto," alinong'ona. "Tangu siku ile. Anaosha mikono mpaka imepasuka, maji ya kupikia yanaishia hapo. Halafu ananiletea puani, ananiambia nusa."

"Nawe unanusa nini?"

"Sabuni. Lakini haniamini."

Nilimwendea mama mkubwa, nikamwambia kwa ukali kuliko nilivyokusudia kwamba anyanyuke akamue mbele yangu. Jioni ilikuwa inaingia na milingoti ilikuwa inasuguana huko juu. Alikamua polepole, uso amegeuza pembeni asiyapumulie maziwa. Nilipima yalipotoka kwenye chuchu. Mazima. Nikapima ya kwenye ndoo. Mazima. Nikapima yalipochujwa. Kioo kilikuwa safi, nikamwonyesha, naye akakitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumba ya wengine. Tukayamimina kwenye keni niliyokuja nayo, tukaiweka kwenye kona ya baridi jikoni, palepale ilipokuwa ikilala siku zote. Kidogo kilichobaki binti alikifunika kwenye sufuria pembeni yake, kwa ajili ya chai. Nikalala huko.

Asubuhi nilifungua keni mwenyewe. Kabla ya kichupa nilishajua, maana kulitoka harufu ile ya nguo za mgonjwa. Nikachanganya na spiriti hata hivyo, na chenga zikajaa kwenye kioo.

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakulia.

"Umeona, mwanangu," alisema, akarudi nyuma hatua moja ili asiniguse.

Sijawahi kuwa na hofu ya namna ile. Nilikuwepo, nilitazama kila kitu, hakuna aliyekaribia kona ile, na maziwa yalikuwa yameharibika gizani karibu na kichwa changu. Nikafikiria kitu ambacho sikutegemea kukifikiria, kwamba huenda ni kweli. Kilidumu kitambo kidogo, lakini kilidumu, na mama mkubwa alikiona usoni kwangu.

Ndipo binti akaleta chai. Chai ya maziwa, nyeupe, laini, haikukatika hata kidogo. Nikamuuliza kachukua wapi maziwa. Akaonyesha sufuria. Nilichota yaliyobaki humo nikayapima. Kioo kikabaki safi. Alikuwa ng'ombe yuleyule, mikono ileile, jiko lilelile.

Nikaimwaga keni nje. Nikapandisha mkono wa sweta, nikaingiza mkono ndani, nikapapasa chini ya shingo mahali brashi haifiki. Palikuwa na utelezi. Nikanusa vidole, na ile harufu nikaitambua kwingine kabisa, kwenye mapumziko, kwenye vicheko, mgongo wangu ukiwa umeegemea blanketi la kijivu.

Nilipanda bonde na keni tupu mkononi, ukungu mzito, bila kuaga. Kiwandani walikuwa wanaanza kazi. Nikapanda juu ya tofali, nikafungua kifuniko cha tangi, nikazamisha mkono hadi kwapani. Maji yalikuwa ya vuguvugu, matamu kwa mkono uliotoka kwenye baridi, na hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua hadi leo, kwamba yalikuwa matamu. Kisha nikagusa ukuta. Aliyewahi kumfundisha ndama kunywa kwa kumtia vidole mdomoni atanielewa. Ulikuwa laini, una joto, unateleza, na nilipotaka kutoa mkono nilihisi kama unanyonywa. Ulipotoka ulikuwa na ute hadi kwenye kiwiko.

Fundi aliuona mkono wangu. Akakaa chini palepale kwenye saruji yenye maji.

Tulilivua. Blanketi lilipotoka mvuke ukapanda, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetania. Tulifungua bomba la chini, maji yakaenda, na nyuma yake ukafuata utando kwa vipande vipana, vinavyotikisika kama ngozi ya uji uliopoa. Humo ndimo tulimosuuza vitambaa vya jibini. Humo ndimo tulimosuuza ndoo za mtindi, na mikono yetu tuliyojiona misafi. Meneja alikuja akasimama na sweta zake mbili, akatazama muda mrefu.

"Nilisema limwagwe kila jioni," alisema. "Lisuguliwe, litiwe klorini. Hamkuwa mkilimwaga?"

Fundi akainua kichwa. Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini hatutupi mkate jalalani.

"Maji ya moto, bosi? Kuyamwaga?"

Meneja akaliokota blanketi, akalishika likiwa bado na joto. Nadhani hapo ndipo alipofika Njombe.

Tangi lipo hadi leo, na mpango wa meneja upo. Kila jioni linafunguliwa, maji yake yanakwenda kwenye mabingobingo, hayapotei. Linasuguliwa, linatiwa dawa, linalala tupu na wazi kwenye baridi, na asubuhi tunasuuza vyombo kwa maji baridi yenye klorini tukipiga kelele za maumivu. Jibini zilinyamaza. Fundi alilichoma blanketi lake mwenyewe, lakini nimemwona mara kadhaa akipita pale jioni, anaweka kiganja kwenye ubavu wa tangi, anakiondoa haraka.

Kwa mama mkubwa nilikwenda siku ileile. Meneja alitaka kuja nami, nikamwambia aje kesho, leo ni jambo letu wenyewe. Nilimkuta kizingitini. Nikaketi chini, nikamweleza yote: tangi, uvuguvugu, blanketi, keni yake tuliyoisuuza humo na kuifunga kifuniko, ikabaki na unyevu wake hadi jioni, maziwa yake mazima yakaingia juu yake. Nilimweleza kwa haraka na kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema. Yeye alisikiliza akitazama bonde.

"Kwa hiyo kilikuwa kinatoka kwenu," alisema. "Mimi nakibeba kuleta nyumbani, halafu nawarudishia."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Mkaniambia ni mimi."

Ndani mtoto alitoa sauti ndogo ya kucheka.

"Anacheka siku hizi," alisema. "Nimejifunza kumsikia nikiwa hapa nje."

Akatoa mikono kwenye kitenge akaninyooshea. Ilikuwa imepasuka kwenye viungo, kwingine damu imekauka. "Nusa."

Nikainusa. Sabuni ya mche, moshi, ng'ombe. "Haina kitu, mama mkubwa."

"Hata mimi sikuwahi kusikia kitu," alisema. "Lakini ninyi ndio wenye vipimo. Niliwaamini."

Binti alikuwa amesimama mlangoni ametusikia. Hakuuliza ruhusa. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa mama yake, akarudi nyuma. Mikono ya mama mkubwa ilibaki juu, pande zote mbili za mtoto, haijui pa kushukia. Mtoto ndiye aliyekamata kidole kimoja, akakivuta hadi mdomoni, akaanza kunyonya. Mama mkubwa hakukitoa. Akaniinulia macho, akanitazama, akisubiri niseme kama inafaa.